Naipenda filamu ya Joker, nalisubiri gemu kwa hamu: je, nimeshakuwa mraibu?

"Nina miaka 22. Tangu nilipoitazama The Dark Knight, filamu ya shujaa Batman na adui yake Joker, nimeirudia mara nyingi hadi mazungumzo yake nimeyakariri, hasa ya Joker. Sasa kuna gemu la mkakati litakalotoka miezi michache ijayo. Kila usiku kabla ya kulala natazama trela zake, nasoma kila kinachoandikwa, na hata nikiwa kazini akili yangu iko kwenye ramani na majeshi. Nataka kulilipia kabla halijatoka. Dada yangu anasema filamu ile imeniingia vibaya, kwamba hata mwigizaji wa Joker ndiyo iliyomuua, na kwamba mimi ni mraibu tayari. Mimi naona ni furaha tu. Lakini gemu la mwisho nililolisubiri hivi liliniangusha siku ya kwanza, nikakaa na huzuni wiki nzima. Je, nina tatizo? Nilipie mapema au nisubiri?"

Mdogo wangu, katika barua yako kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya kila siku: kupenda kitu kizito, kusubiri kitu kwa hamu, na uraibu. Kila moja lina njia yake. Kwa haya uliyoniandikia, la tatu silioni. Ninachokiona ni shauku kubwa ambayo imeanza kugusa usingizi wako na inaweza kugusa mfuko wako, na yote mawili yanarekebishika.

Nianze na kifo cha Heath Ledger, aliyemwigiza Joker katika filamu hiyo, maana ndicho kilichomtia dada yako hofu, na hofu yake ni ya mtu anayekupenda. Ledger alifariki New York tarehe 22 Januari 2008, akiwa na miaka 28. Filamu ilitoka Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo karibu kila aliyemwona Joker kwenye skrini alijua tayari kwamba aliyemwigiza hayupo duniani, na uvumi ukajijenga wenyewe. Ukweli ni kwamba kazi ya Joker alikuwa ameshaimaliza, na mauti yalimkuta akiwa katikati ya kuigiza filamu nyingine kabisa. Wachunguzi wa vifo wa jiji lile walisema ilikuwa ajali: mwilini mwake zilikutana dawa za maumivu, za kutuliza wasiwasi na za usingizi. Miezi michache kabla, mwenyewe alikuwa amemweleza mwandishi wa gazeti kwamba kuna wiki alilala wastani wa saa mbili tu kwa usiku. Na familia yake imesema wazi kwamba Joker ni kazi aliyoifurahia. Cha kuogopa katika kifo kile ni kukosa usingizi kwa muda mrefu na kumeza vidonge vya aina nyingi kwa pamoja. Nakuomba ulikumbuke hilo la usingizi, kwa sababu nitalirudia.

Sasa, je, filamu kama ile inaweza kukuharibu? Hofu hii ina historia ndefu kuliko filamu yenyewe. Batman alizaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1939, Joker akamfuata mwaka 1940. Mwaka 1954 daktari wa akili wa Marekani, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinawafanya watoto kuwa wahalifu, na Batman alitajwa humo kwa jina. Bunge la Seneti likakaa kusikiliza, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali mno za nini kichorwe na nini kisichorwe. Kwa miaka mingi katuni za Marekani ziliishi chini ya kanuni hizo. Halafu mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyepekua makabrasha ya Wertham yaliyohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, alionyesha kwamba daktari yule alikuwa amebadilisha maelezo ya vijana aliowahoji, akaunganisha ya watu tofauti na kuacha yale yasiyomfaa. Sikuambii haya ili uende kumshinda dada yako kwa hoja. Nakuambia ili ujue kwamba tuhuma zikirudiwa sana hugeuka kama kitu kinachojulikana na kila mtu, hata pale ushahidi wake ulipokuwa mbovu tangu mwanzo.

Kuhusu magemu yenye vita, nikupe picha kamili, si ile inayokupendeza tu. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipopitia utafiti uliopo, mwaka 2020 kilisema kuna uhusiano mdogo kati ya magemu yenye ukatili na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana, lakini kikaonya kwamba ushahidi hautoshi kuyahusisha na uhalifu wa kuumiza watu. Na gemu la mkakati, ambalo askari wake unawaona kutoka juu wakiwa wadogo kama punje, haligusi hisia kwa namna moja na gemu la kumlenga mtu usoni.

Linalobaki ni hili la kumpenda Joker kuliko Batman, ambalo nahisi linakusumbua kuliko ulivyoandika. Mwaka 2020 watafiti wawili, Rebecca Krause na Derek Rucker, walionyesha kwamba watu huvutiwa zaidi na waovu wa hadithi wanaofanana nao kwa jambo fulani, kwa mfano werevu au ujeuri wa kuvunja taratibu. Katika maisha ya kweli, mtu mbaya anayefanana nasi hutuchukiza, maana anatuchafulia sura. Ndani ya hadithi tumelindwa, kwa hiyo tunaweza kumsogelea na kumchunguza bila kulipa gharama yoyote. Joker hana nyumba, hana jina, hana anachoogopa kupoteza. Kijana wa miaka 22 mwenye kazi, ndugu na madeni ya heshima kwa watu wengi lazima apumue kidogo akimtazama mtu wa namna hiyo. Kupumua si kutamani kuwa yeye.

Tena tazama unachokariri. Nadhani unaifahamu vizuri ile sehemu ya chumba cha mahojiano: Batman anampiga Joker, Joker anacheka, kisha kwa hiari yake anatoa anwani mbili. Harvey, mwendesha mashtaka wa jiji, yuko hapa; Rachel, mwanamke ambaye Batman anampenda, yuko pale. Batman anakimbilia kwa Rachel, anavunja mlango na kumkuta Harvey. Anwani zilikuwa zimebadilishwa. Nguvu zote za Batman, magari yake, hasira yake, zilitumika kikamilifu, lakini juu ya taarifa aliyopewa na adui. Halafu zile feri mbili ambazo Joker amezitega mabomu: wafungwa katika moja, raia katika nyingine, kila upande umeshika kifaa cha kulipua wenzao, na saa sita ya usiku ndiyo mwisho. Raia wanapiga kura, wengi wanataka kulipua, mtu mmoja anakichukua kifaa mkononi, anakitazama, anakirudisha ndani ya sanduku. Kwenye feri ya pili mfungwa mmoja mkubwa anakiomba kile cha kwao kisha anakitupa majini.

Hayo yote ni maswali ya mkakati. Adui anajua nini nisichokijua? Nikisubiri, yeye atafanya nini? Ndiyo maana sishangai hata kidogo kwamba mtu aliyeipenda filamu ile ndiye huyohuyo anayeota ramani na majeshi. Katika magemu haya sehemu ya ramani ambayo hujaifikia hufunikwa na ukungu, na mchezaji mzuri ni yule anayetuma mpelelezi kabla ya kutuma jeshi. Shauku zako mbili ni moja: unapenda kumwona mtu akiamua huku hajui kila kitu. Hicho ni kipaji cha akili. Kinahitaji mahali pa kufanyia kazi.

Tuje kwenye kusubiri, maana hapa ndipo mwili wako unapokuchezea.

Mtafiti Wolfram Schultz alipima chembe za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu. Nyani alipewa tone la maji ya matunda, na mwanzoni chembe zile zilichangamka tone lilipofika mdomoni. Kisha ikawekwa ishara, kwa mfano taa, inayowaka kabla ya tone. Nyani alipoizoea, chembe zilihama: zikawa zinachangamka taa inapowaka, na tone lenyewe likifika hazishtuki tena. Sasa sikiliza la mwisho. Taa ikiwaka halafu tone lisije, kwa wakati uleule ambao tone lilitarajiwa, chembe zile zilinyamaza chini ya kiwango chao cha kawaida. Mwenzake katika uwanja huu, Kent Berridge, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kutamani na kufurahia ni mitambo miwili tofauti ndani ya ubongo. Unaweza kutamani kitu sana kuliko utakavyokifurahia.

Trela ndiyo taa yako. Kila usiku unaiwasha, mwili unachangamka, na hakuna tone. Watengenezaji nao wanatoa habari kidogo kidogo, leo jeshi jipya, wiki ijayo ramani moja, na hujui lini itakuja nyingine. Kutokuwa na uhakika huko kunazidisha hamu. Kufikia siku ya kutoka, umeshalicheza gemu kichwani kwa miezi, na hilo la kichwani halina hitilafu. La kweli linakuja na mafunzo ya saa nzima, maandishi madogo na adui wa kompyuta anayekwama kwenye daraja. Huzuni uliyoipata mara ile haikuwa upumbavu. Ni ule ukimya wa chembe baada ya taa kuwaka kwa muda mrefu mno.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haiko kwenye gemu, iko kwenye trela. Zitoe kitandani kabisa. Jiwekee siku moja ya wiki, mchana, usome yote yaliyotoka, kisha ufunge mpaka wiki nyingine. Usiku ubongo unaochora mashambulizi haulali, na mtu asiyelala vizuri kazini atakuwa mzito, jioni atatafuta kitu cha kumchangamsha, na kitu cha karibu kitakuwa ni trela. Vunja mzunguko huo hapo hapo, kitandani.

Kuhusu kulipia mapema, ushauri wangu ni usubiri. Zamani kulipia mapema kulikuwa na maana, diski ziliweza kuisha dukani. Faili la kupakua haliishi. Unachopewa mara nyingi ni jeshi la ziada au mavazi ya askari, ambavyo baadaye huuzwa kivyake. Zaidi ya hapo, magemu ya mkakati ndiyo aina ambayo trela inadanganya kuliko zote, hata bila nia mbaya. Gemu la mbio unaliona kwenye trela na umeliona. La mkakati uzuri wake uko saa ya 30: je, adui wa kompyuta anafikiri? Ramani ikijaa, zamu inachukua muda gani? Kuna jeshi moja linaloshinda kila kitu na kuua ladha? Hakuna trela ya dakika mbili inayoweza kukujibu.

Mfano hai ni Total War: Rome II, gemu la mkakati la vita vya Roma ya kale, iliyotoka Septemba 2013. Ramani yake ilikuwa na makundi zaidi ya 100, na kila ulipomaliza zamu yako, kompyuta ilicheza zamu za hao wote kabla hujarudishiwa ramani. Watu walikaa wakitazama bendera za makabila ya mbali zikipita moja baada ya nyingine. Masasisho yakaanza kutolewa mfululizo, na mwaka 2014 likatoka toleo lililorekebishwa ambalo wenye gemu walilipata bure. Aliyesubiri mwaka mmoja alipata gemu bora kuliko aliyelipia mapema. Oktoba 2023 ilikuwa zamu ya Cities: Skylines II, gemu la kujenga miji: watengenezaji walikiri hata kabla halijatoka kwamba halijafikia kasi waliyoitaka, na kompyuta nzuri zililemewa. Civilization VII, gemu la kuongoza taifa, ya Februari 2025 iligawanya mashabiki wa siku nyingi kwa sababu ilibadilisha mfumo wenyewe, ukalazimika kuhama taifa moja kwenda jingine katikati ya mchezo. Hilo halikuwa hitilafu ya kurekebisha. Ni ladha, na ladha hujui mpaka uonje au umsikie mtu mwenye ladha kama yako.

Kuna hali ninazoona kulipia mapema si kosa. Kama ulicheza toleo la majaribio na ukaridhika. Kama marafiki zako wote wanaanza siku ya kwanza na unachonunua hasa ni kuwa nao. Kama ni studio ndogo na unataka kuibeba, ukijua kwamba unachofanya ni kuibeba. Na kama unanunua kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni, utaratibu wao unakuruhusu kudai pesa yako wakati wowote kabla gemu halijatoka, na likishatoka una siku 14 mradi hujalicheza saa mbili. Lakini saa mbili kwenye gemu la mkakati ni kama sahani ya maji kwenye jangwa. Zinaisha ukiwa bado unafundishwa kujenga ghala. Kwa hiyo usiku wa kwanza usianze na mafunzo. Fungua ramani kubwa kuliko zote, weka maadui wengi kadiri inavyoruhusiwa, uone mashine yako inavyohema. Kinacholemewa mara nyingi si kadi ya michoro bali prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa kuwa ndiyo inayohesabu njia ya kila askari, na mzigo huo hauonekani katika dakika kumi za kwanza ambapo una wapiganaji watano. Saa inahesabu hata ukiacha gemu wazi ukaenda kula, kwa hiyo lifunge.

Miezi hii ya kungoja usiiache tupu. StarCraft, gemu la mkakati la mwaka 1998, imekuwa ya bure tangu 2017 na bado inafundisha kuliko magemu mengi mapya. The Battle for Wesnoth ni la bure, la kucheza kwa zamu, na halihitaji mashine ya nguvu. Mashabiki wa StarCraft walitangaziwa sehemu ya pili Mei 2007 na kuipata Julai 2010, miaka mitatu baadaye, na wengi walioingia humo wakiwa imara ni wale waliotumia miaka hiyo kuendelea kucheza na kushindana katika ile ya kwanza. Chukua gemu la zamani, chagua kosa lako moja, kwa mfano kusahau kupeleleza, na ulifanyie kazi mpaka liishe. Ukifanya hivyo hamu yako inapata tone halisi la kila siku, na siku gemu jipya likitoka utakuwa mchezaji, si mtazamaji wa trela tu.

Sasa lile la uraibu. Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo la kucheza magemu katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Sifa zake ni tatu kwa pamoja: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limepewa nafasi ya mbele kuliko mambo mengine ya maisha, na anaendelea, hata kuongeza, huku akiona madhara. Na yanatakiwa yawe yamevuruga kwa kiasi kikubwa kazi, masomo, familia au afya yake, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Idadi ya saa haimo katika kipimo hicho, wala kurudia filamu, wala kusubiri kwa hamu. Wewe unakwenda kazini, unaongea na dada yako, na umekaa chini ukajiuliza kama una tatizo. Kwa haya, siwezi kukuita mraibu.

Ila kuna kitu kimoja nakiuliza kwa upole. Ile wiki ya huzuni, ulikuwa unahuzunikia gemu peke yake? Mara nyingi ninaokutana nao wakiwa na huzuni ya namna hiyo, gemu lilikuwa limebeba mzigo wa ziada: ndilo jambo pekee zuri lililokuwa kwenye kalenda yao. Kazi haiendi mahali, marafiki wametawanyika, na tarehe ile ya kutoka imekuwa mlango pekee ulio wazi. Ukilijibu swali hilo kwa ukweli na ukaona ndivyo, basi tafuta tarehe nyingine mbili tatu za kungojea, ambazo haziuzwi na mtu. Watu wa kucheza nao ana kwa ana, hata kama ni bao au drafti, wanasaidia sana hapa.

Mtafute mtaalamu wa ana kwa ana, mshauri au daktari wa kituo cha afya kilicho karibu, kama baada ya wiki mbili za kuondoa trela kitandani bado usingizi hauji, au kama huzuni inakaa zaidi ya wiki mbili na chakula na watu havina ladha tena. Nenda pia kama umeanza kukosa kazi au kukopa au kusema uongo kwa ajili ya magemu. Na kama maneno ya Joker kwamba hakuna kitu chenye maana yameacha kuwa mazungumzo ya filamu na yamekuwa sauti yako mwenyewe, ukawaza kujidhuru au kumdhuru mtu, usingoje wiki: mwambie dada yako leo, na muende pamoja hospitali leo. Ukifika usianze kwa kusema "naona mimi ni mraibu wa magemu", maana mazungumzo yote yanaweza kuishia kwenye magemu. Anza na usingizi. Sema unalala saa ngapi, unaamka ukijisikiaje, na tangu lini. Na kama kuna kidonge chochote unachomeza ili ulale, hata cha kununua tu dukani, kitaje kwa jina.